Ilifeli 1946, Leo Ni Mila: Filamu ya Krismasi na Mji wa Seneca Falls

Kama umekulia Marekani au Uingereza, hizi filamu unazijua hata kama nyumbani kwenu hamjawahi kupamba mti. Kuna Scrooge wa London anayetembelewa na mizuka, kuna mzee wa ndevu nyeupe pale duka la Macy's, kuna mtoto aliyesahauliwa nyumbani Chicago. Desemba ikifika zinarudi, na watu wanaziongelea kana kwamba zilikuwepo tangu dunia kuumbwa. Sisi ambao wazazi wetu walikuja juzi tu tunazitazama kama wageni: sebule ina wenyewe, sisi tumekaribishwa.

Leo nataka tuchukue moja tu, It's a Wonderful Life, tuifuatilie ilikotoka. Nimeichagua kwa sababu ndiyo filamu ambayo Wamarekani wengi wataitaja ukiwauliza kuhusu Krismasi ya zamani, na kwa sababu ukiifuatilia vizuri unakuta kitu cha kushangaza. Hiyo mila ya kuitazama kila mwaka ni changa kuliko wazazi wetu. Ilianza kwa bahati tu. Na humo ndani, mbele ya kamera na nyuma ya kamera, wamejaa wahamiaji.

Kwanza kisa chenyewe, kwa ambao hawajaiona. George Bailey ni kijana wa mji mdogo unaoitwa Bedford Falls. Anataka kusafiri, kusoma, kuona dunia. Lakini kila akifunga sanduku kuna jambo linamrudisha, na mwishowe anabaki kuendesha kachama ka mikopo alikoacha baba yake, akipambana na tajiri wa mji, Bwana Potter. Mkesha wa Krismasi mjomba wake anapoteza dola 8,000 za chama. George anakwenda darajani ajirushe mtoni. Malaika anatumwa, naye anamwonyesha mji ungekuwaje kama George asingezaliwa.

Bedford Falls ni mji wa kubuni. Lakini katika jimbo la New York, kati ya Rochester na Syracuse, kuna mji wa kweli unaoitwa Seneca Falls, na wenyeji wake wanaamini kwamba ndio uliompa mwongozaji Frank Capra picha ya ule wa filamu. Mimi nimekulia Syracuse, mwendo wa kama saa moja kwa gari, kwa hiyo hayo madai nimeyasikia tangu utotoni. Ushahidi wao ni huu: wahusika wanataja Rochester, Buffalo na Elmira kama miji ya jirani, na Seneca Falls una daraja la chuma juu ya mfereji linalofanana na lile la George. Capra mwenyewe hakuacha maandishi ya kuthibitisha. Wenyeji hilo haliwasumbui. Kila Desemba wanafanya tamasha la familia: filamu inaonyeshwa, mtaa mkuu unapambwa, watu wanakimbia mbio za kilomita 5 kwenye baridi, na mwaka 2010 wakafungua jumba la makumbusho ya filamu hiyo moja tu. Mgeni wa heshima wa kila mara amekuwa Karolyn Grimes, aliyeigiza Zuzu, binti mdogo wa George. Na huyu Zuzu mwenyewe alifika miaka 40 hivi ndipo akakaa chini akaitazama filamu yake yote!

Inawezekanaje mtu aigize kwenye filamu maarufu kuliko zote za Krismasi na asiione hadi utu uzima? Jibu ni rahisi. Kwa muda mrefu haikuwa maarufu.

Hadithi ilianza kama kadi. Mwandishi Philip Van Doren Stern alitunga hadithi fupi kuhusu mtu anayetamani asingezaliwa, akaitembeza kwa wachapishaji, wote wakaikataa. Basi Krismasi ya 1943 akachapisha mwenyewe nakala 200 na kuwatumia marafiki kama salamu za sikukuu. Nakala moja ikafika Hollywood, na studio ya RKO ikanunua haki kwa dola 10,000. Baadaye ikamfikia Capra.

Huyu Capra tumjue vizuri. Alizaliwa Bisacquino, kijiji cha Sisilia, mwaka 1897. Mwaka 1903 wazazi wake walipanda meli, wakasafiri daraja la chini kabisa, wakafika New York na kuendelea hadi Los Angeles. Mtoto alikuwa na miaka sita hivi. Yaani yule ambaye Wamarekani wanamwona kama msimulizi wa Umarekani wenyewe ni mtoto aliyeletwa, kama wengi wa wazazi wetu, au kama baadhi yenu mliokuja mkiwa wadogo.

Walipiga picha majira ya joto ya 1946. Mji wote wa Bedford Falls ulijengwa kwenye shamba la studio huko California, na jua likiwaka, waigizaji wakiwa ndani ya makoti mazito. Theluji ilibidi itengenezwe. Kabla ya hapo studio zilitumia konflekisi, zile za kifungua kinywa, zikipakwa rangi nyeupe, ila ukizikanyaga zinapiga kelele hadi mazungumzo yanabidi yarekodiwe upya. Mafundi wa RKO wakachanganya povu la kuzimia moto, sabuni na maji, wakalipuliza kwa feni. Theluji ikawa kimya. Ufundi huo baadaye ukapewa tuzo na watoaji wa Oscar.

Filamu ilitoka New York tarehe 20 Desemba 1946. Iligharimu zaidi ya dola milioni 3, na RKO ikaishia kupata hasara ya zaidi ya dola 500,000. Ilitajwa kwenye Oscar kwa vipengele vitano na haikushinda hata kimoja. Mwaka huo tuzo kuu ilikwenda kwa The Best Years of Our Lives, filamu ya askari wanaorudi kutoka vitani. Kampuni ndogo ya Capra ikauzwa kwa Paramount mwaka 1947. Mwaka huohuo ripoti ya FBI kuhusu Wakomunisti katika Hollywood ikaitaja filamu hii, eti kumfanya mwenye benki kuwa mtu mbaya ni mbinu ya Wakomunisti. Baada ya hapo ikaingia kabatini.

Kilichoitoa kabatini ni karatasi ambayo haikujazwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hakimiliki ya filamu ilidumu miaka 28, kisha mwenye mali alitakiwa kuomba iongezwe miaka mingine 28. Mwaka 1974 muda ulipokwisha, kampuni iliyokuwa na haki haikuwasilisha maombi. Hivyo vituo vya televisheni vikaanza kuirusha bila kulipa mrabaha. Fikiria wewe ni meneja wa kituo kidogo, Desemba imefika, bajeti huna, na kuna filamu ya saa mbili yenye theluji, malaika na James Stewart, bure! Utaiweka mchana, utaiweka usiku, utaiweka tena kesho. Kituo cha jirani kinafanya hivyohivyo. Kwa takriban miaka 20 watoto wa Marekani wakakua huku filamu hiyo ikiwaka sebuleni kila wakipita, na walipopata watoto wao wakasema, "Hii ndiyo ya Krismasi. Tuliitazama siku zote."

Mlango ulikuja kufungwa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mwenye haki ya hadithi ya asili anaweza kudhibiti filamu iliyotokana nayo. Kesi ilihusu filamu ya Alfred Hitchcock, Rear Window, na mmoja wa walioshtakiwa alikuwa James Stewart huyuhuyu. Mwaka 1993 kampuni ya Republic Pictures ikatumia uamuzi huo, kwa sababu ile hadithi ya kwenye kadi bado ilikuwa na hakimiliki, na tangu 1994 filamu imekuwa ikioneshwa na NBC kwa ruhusa. Lakini walichelewa. Mila ilishaota mizizi.

Ninachokiona hapo ni kwamba mila haihitaji umri. Inahitaji kupatikana kirahisi na kurudiwa mbele ya watoto. Miaka 20 ilitosha kuifanya filamu iliyofeli kuwa urithi wa taifa zima. Shikeni hesabu hiyo, tutairudia.

Sasa tuingie ndani ya filamu, maana huko nako tumo.

Nilipokuwa na miaka 13, bibi yangu alikuja kutoka Muheza kukaa nasi miezi ya baridi. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo jioni za TV kazi ya ukalimani ilikuwa yangu. Tulipofika pale watu wanapokimbilia ofisi ya George kudai pesa zao, ikabidi nieleze hicho chama ni kitu gani. Nikaanza: ni chama cha ujenzi na mikopo, wanachama wanaweka pesa, halafu... Bibi akanikata. "Si useme upatu, mjukuu wangu. Unazunguka nini?"

Kwa kweli alikuwa ameelewa kuliko wengi. Katika tukio hilo George anawaambia watu kwamba pesa yao haimo kwenye sefu. Imo kwenye nyumba ya jirani yako, na yake imo kwenye yako. Mtu yeyote aliyewahi kucheza upatu anajua lugha hiyo. Watanzania wengine wanasema kibati au mchezo, Wakenya wanasema chama, ndugu zetu wa Kongo wanasema likelemba, na hapa kaskazini mwa New York unaweza kuyasikia yote hayo kwenye jengo moja. Pesa ya upatu haikai kwenye kopo. Imeshakuwa bati la mama fulani, karo ya mtoto wa fulani, nauli ya mdogo wake fulani. Ndiyo maana mmoja akitoka mbio, wote wanaanguka.

Na undugu huo upo hata kwenye historia. Vyama vya ujenzi vya mwanzo vilianzia Uingereza. Kinachojulikana kuwa cha kwanza kilianzishwa Birmingham mwaka 1775, na watu walikutana kwenye baa. Kila mwanachama alichanga kwa mwezi. Ikipatikana ya kutosha nyumba moja, mara nyingi ilipigwa kura nani aanze. Wote wakishapata nyumba, chama kinavunjwa. Niambieni, huo si upatu? Marekani chama cha kwanza kilianza mwaka 1831 huko Frankford, Philadelphia, na mtu wa kwanza kukopeshwa alikuwa Comly Rich, mwasha taa za barabarani. Alipewa dola 375 za nyumba, na akachelewa kulipa! Hata hivyo mfumo ukaenea nchi nzima, kwa sababu benki za kawaida hazikuwa na haja na mwasha taa.

Katika filamu, hao ambao benki haiwataki wana jina: Martini, familia ya Kiitaliano yenye watoto wengi, wanaohama kutoka vibanda vya Potter kwenda kwenye nyumba yao wenyewe. Potter anawatukana kwa vitunguu saumu wanavyokula. Capra, mtoto wa Sisilia, alijua hasa anachokiweka pale. Matusi ya chakula hayajabadilika sana. Ni nani kati yetu hakuwahi kusemwa kwa harufu ya kilichokuwa kwenye kontena lake la chakula cha mchana?

Bibi alikuwa na swali moja zaidi usiku ule. Nyumbani kwa akina Bailey kuna mfanyakazi Mweusi, Annie, aliyeigizwa na Lillian Randolph. Anapika, anafukuza watoto jikoni, anatoa mzaha. Mwisho wa filamu, mji mzima unapomchangia George, Annie naye anakuja na akiba yake na kuiweka mezani. Bibi akauliza, "Na huyu dada, nyumba yake iko wapi?"

Martini kapata nyumba. Dereva wa teksi kapata. Annie anachangia chama, lakini filamu haituonyeshi mlango wake. Na kuna jambo lingine ambalo nimeligundua ukubwani. Katika ule mji wa jinamizi, ambao George hakuzaliwa, kuna baa, na kwenye piano anapiga Meade Lux Lewis, mmoja wa wapigaji wakubwa wa boogie-woogie wa zama zake, bila hata jina lake kuandikwa kwenye orodha ya waigizaji. Yaani mji ukiwa mwema, Mweusi yuko jikoni. Mji ukiharibika, ndipo unamsikia muziki wake. Filamu naipenda, na hilo nalisema hivyohivyo. Ukipokea urithi unaukagua, kama unavyokagua nyumba ya urithi: unajua wapi panavuja.

Turudi darajani Seneca Falls. Pale kuna kibao cha kumbukumbu, na jina lililoandikwa si la Capra wala la Stewart. Ni la Antonio Varacalli, kijana mhamiaji kutoka Italia. Aprili 1917 msichana alijirusha kutoka darajani. Varacalli akaruka kumwokoa. Msichana akapona, yeye akazama. Watu wa mji wakachanga pesa kwa ajili ya familia yake.

Kama Capra alikiona kibao hicho au hakukiona, hilo linabaki la wenyeji na imani yao. Lakini kwenye tamasha, watu wakishamaliza kutazama filamu wanatembea hadi darajani, na baadhi wanafunga kengele ndogo kwenye vyuma vyake, kwa sababu kwenye filamu kengele ikilia malaika amepata mbawa. Na wakiinama kusoma kibao, wanakutana na mtu ambaye mwaka 1917 wengi wangemwita mgeni. Tamasha la Kimarekani kuliko yote ninayoyajua linaishia kwenye jina la mhamiaji. Kwa hiyo swali la sebule ni ya nani, mimi nadhani limeshajibiwa.

Linabaki swali la ile hesabu ya miaka 20. Wengi wetu tuna watoto sasa, au wadogo zetu, ambao Kiswahili wanakisikia lakini hawakijibu. Bibi akipiga simu wanamwambia "shikamoo", kisha wanakimbia. Tunasikitika kana kwamba ni hali ya hewa, haina dawa. Historia hii inaniambia dawa ipo, na haina maajabu: kitu kilekile, sebule ileile, kila mwaka, bila kiingilio.

Na namna ya kufanya hivyo kwa filamu ya kigeni wenzetu walishaivumbua. Dar es Salaam, kwenye vibanda vya video, kulikuwa na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyesimulia filamu za nje kwa Kiswahili, akieleza, akitania, akiongeza ya kwake. Kenya wana DJ Afro, na mashabiki humfuata yeye kuliko hata hao mastaa wa filamu. Kazi hiyo si tafsiri ya neno kwa neno. Ni kuichukua filamu ya mtu na kuiweka kwenye mkeka wetu, mhusika akapewa jina la mtaani, chama cha mikopo kikawa upatu.

Basi Desemba hii chagueni filamu moja, ya Krismasi au ya sikukuu yoyote mnayosherehekea, na mmoja wenu awe Lufufu wa nyumba. Mwakani apokee mwingine, hata kama ana miaka tisa na Kiswahili chake kinachechemea. Maneno mengine mtayatafuta pamoja. Muulizeni mzee aliyepo, atafurahi kuulizwa. Sauti zimeni, maelezo ya maandishi zimeni, atakayekwama asaidiwe. Na kama mtachagua hii ya George, mkifika pale Annie anapoweka akiba yake mezani, isimamisheni kidogo. Mwulizeni mtoto, kwa Kiswahili, nyumba ya Annie iko wapi. Halafu msubiri ajibu.